Kurabu, panya na hesabu ya kisiwa: kwa nini kazi nusu ndiyo ghali kuliko zote

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu, ambaye sisi watu wa Mombasa twamwita kurabu, si ndege wa kwetu. Aliletwa. Katika miaka ya 1890 watawala wa Kiingereza kule Unguja walimtoa Bara Hindi wakamwachia mjini awe mfagizi: ale mizoga, ale mabaki ya sokoni, mji uwe safi bila ya kulipa wafanyakazi. Kwa hesabu ya siku hizo lilikuwa jambo rahisi na la bei nafuu. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa, na leo yuko pwani nzima. Ameshaifuata barabara ya Nairobi mpaka Voi na kuendelea mbele.

Nataka leo tuzungumze juu ya pesa. Aghalabu tukitaja wanyama na ndege wageni, mazungumzo huishia kwenye kelele, uchafu na vifaranga walioibwa. Hayo ni kweli, lakini nyuma yake kuna hesabu ambayo visiwa vingi duniani vimeshaipiga, vyengine vikafaulu na vyengine vikapata hasara. Sisi watu wa visiwani na ukanda wa pwani twaweza kujifunza kwa gharama ya wenzetu badala ya kulipa upya.

Kiumbe vamizi ni nini, na kwa nini visiwa huumia zaidi

Si kila mgeni ni mvamizi. Muhogo ulitoka Amerika, na leo hakuna anayeuita adui. Kiumbe vamizi ni yule anayefikishwa mahali na binadamu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, kisha akazaana bila ya mwenye kumzuia, akala au kufukuza viumbe wa pale na kuwatia watu hasara.

Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, IPBES, lilitoa ripoti juu ya jambo hili. Lilikadiria kwamba hasara ya viumbe vamizi duniani ilipita dola bilioni 423 kwa mwaka 2019 peke yake, na kwamba gharama hiyo imekuwa ikiongezeka angalau mara nne kila baada ya miaka kumi tangu 1970. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba, katika viumbe waliotoweka kabisa duniani hasa kwa sababu ya wavamizi, asilimia 90 walitoweka visiwani.

Sababu yake haina fumbo. Ndege wa kisiwani ambaye babu zake hawakuwahi kumjua panya hutaga mayai chini bila ya wasiwasi. Siku panya akishuka na kamba ya jahazi, ndege yule hana silaha wala hana bara ya kukimbilia. Lakini kisiwa kina faida moja: bahari ni ukuta. Ukimtoa mvamizi mpaka wa mwisho, na kisiwa kikawa mbali kiasi cha kutosha, hawezi kurudi ila umlete wewe mwenyewe. Bara haina bahati hiyo. Kwa hivyo kisiwani ndiko hasara ilipo kubwa, na ndiko pesa ya kuzuia ifanyapo kazi zaidi.

Shilingi ya mlangoni

Hesabu ya kwanza ni ya mlangoni, na mfano wake uko karibu na sisi. Sokotra, kisiwa cha Yemen ambacho mabaharia wa majahazi wa pwani hii walikijua vizuri, kilivamiwa na kurabu huyu huyu. Katika miaka ya 1990 ndege wachache walifika huko kwa meli. Watu wa Sokotra hawakungoja wawe maelfu. Viota vilitafutwa, watoto wa vijijini wakatiwa moyo kwa malipo kuleta makinda, idadi ikabaki chini, na mwaka 2009 ndege waliobaki wakapigwa risasi mpaka wakaisha. Sokotra leo haina tatizo la kurabu.

Linganisha na Unguja na Mombasa. Ndege ni yule yule, mwenye akili zile zile na uchu ule ule. Tofauti ni siku kazi ilipoanza. Wale walianza wakati ndege wote wangeweza kuhesabiwa na mtu mmoja aliyekaa barazani. Sisi tulianza wakati miembe imeshakuwa mieusi jioni.

Jirani zetu wa Shelisheli walifanya kama Sokotra kwa kasuku wa kijani mwenye kola shingoni, ambaye alitoroka vizimbani akazaana kisiwa cha Mahé. Kisiwa cha pili, Praslin, ndicho makao ya kasuku weusi ambao hawapatikani popote pengine duniani. Iliogopwa kwamba yule mgeni akivuka atawaletea maradhi na kuwanyang'anya mashimo ya kutagia. Basi wakamfuata Mahé kabla hajavuka. Zaidi ya ndege 500 waliuawa, na wa mwisho aliondolewa mwaka 2017. Mtu angeweza kuuliza, ni pesa ya nini kuwinda kasuku 500 mmoja mmoja kwa miaka? Jibu ni kwamba kuwinda 5,000 kungegharimu zaidi, na kasuku weusi wakishaisha hawanunuliki.

Upande wa pili kuna Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani katika bahari ya Pasifiki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyoka wa kahawia apandaye miti aliingia na shehena za kijeshi. Hakuna aliyemjali. Katika miaka 40 iliyofuata karibu ndege wote wa asili wa msituni walikwisha. Nyoka hao hupanda nguzo za umeme na kuukata mji mzima, na mpaka leo Marekani hulipa kila mwaka watu na mbwa wa kunusa shehena ili nyoka huyo asifike Hawaii. Hilo ni deni lisilokwisha, na lilianza na makasha ambayo hayakukaguliwa.

Kazi nusu: hesabu ya mfano

Hesabu ya pili ndiyo ninayotaka uishike, kwa sababu ndiyo inayotuhusu sana hapa. Tuchukue kisiwa cha mfano tu, nambari zake nimezitunga ili zipigike kwa urahisi. Kina kurabu 1,000, na kila mwaka waliobaki huongezeka kwa nusu yao. Kumuua mmoja, kwa mtego, chambo na mshahara wa mtu, ni shilingi 200.

Baraza la kisiwa likiamua kuua 300 kila mwaka, litatumia shilingi 60,000. Mwaka wa kwanza hubaki 700, wakazaana wakawa 1,050. Mwaka wa pili hubaki 750, wakawa 1,125. Baada ya miaka mitano wamepita 1,600. Baada ya miaka kumi kisiwa kimetumia shilingi 600,000 na kina kurabu wengi kuliko siku ya kwanza. Kila mwaka ripoti itasema ndege 300 wameuawa, na kila mwaka itakuwa kweli.

Sasa baraza lengine likusanye nguvu. Mwaka wa kwanza liue 600, wabaki 400, wawe 600. Mwaka wa pili liue 400, wabaki 200, wawe 300. Mwaka wa tatu liwamalize wote 300. Wale wa mwisho huwa wajanja, wameshajua mtego, kwa hivyo tuseme kila mmoja katika 300 hao amegharimu shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 200,000 kwa wale 1,000 wa awali, na 300,000 kwa wale 300 wa mwisho. Shilingi 500,000, na mambo yakaisha.

Hapa ndipo viongozi wengi huvunjika moyo. Mwaka wa tatu wanaona wanalipa mara tano kwa kila ndege, ilhali ndege wenyewe hawaonekani tena mjini, na mhasibu anauliza kwa nini bajeti haikatwi. Ikikatwa pale, pesa zote za nyuma zimetupwa baharini. Wale 300 ndio mbegu.

Unguja ilionja jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa nje, kurabu walitegewa na kuwekewa sumu maalumu, na idadi yao mjini ikapungua sana. Mradi ukaisha, kazi ikasimama, na ndege wakarudi. Malindi na Watamu nazo zilikuwa na juhudi za kuwapunguza, zikategemea upatikanaji wa sumu ile ile. Ilipokosekana, kurabu wakaongezeka tena. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kurabu milioni moja. Nambari ni kubwa na inavutia kwenye vichwa vya habari. Swali la kuuliza si wangapi watakufa, bali wangapi watabaki, na nani atalipa mwaka wa tatu.

Visiwa vilivyolipa mara moja

Kuna waliolipa mara moja na kumaliza. South Georgia, kisiwa cha baridi kali kusini mwa bahari ya Atlantiki, kililetewa panya na meli za wawindaji wa sili na nyangumi. Kati ya mwaka 2011 na 2015 helikopta zilimwaga takriban tani 300 za chambo chenye sumu kila pahali panya angeweza kukaa. Kazi ilifanywa wakati panya walikuwa wamegawanywa na mito ya barafu, sehemu moja baada ya nyengine, wasiweze kuvuka na kurudi. Iligharimu karibu pauni milioni 10. Mwaka 2018, baada ya mbwa wa kunusa kuzunguka kisiwa, kilitangazwa hakina panya, na ndege wadogo wa pale wakaanza kutaga tena.

Macquarie, kisiwa cha Australia, kinatufundisha jambo lengine. Kilikuwa na paka, sungura, panya wakubwa na panya wadogo. Paka walimalizwa mwaka 2000. Sungura, ambao paka walikuwa wakiwala, wakaongezeka kupita kiasi, wakala majani mpaka vilima vikaporomoka. Ikabidi uanzishwe mradi mpya wa kuwatoa sungura na panya wote kwa pamoja. Ulimalizika mwaka 2014 na uligharimu karibu dola milioni 25 za Australia. Somo ni kwamba mvamizi mmoja aweza kuwa amemkalia mwengine, na ukimwondoa mmoja bila ya kutazama nyumba nzima, utalipa mara mbili.

Na wapo waliolipa wakakosa. Kisiwa cha Gough, nacho cha Atlantiki ya kusini, kina panya wadogo wanaokula makinda ya ndege wa bahari wakiwa hai kiotani. Mwaka 2021 meli, helikopta na chambo vilipelekwa huko. Kabla ya mwaka kwisha, kamera ilimwona panya. Kwa hivyo mradi wa kumaliza si dawa ya uhakika. Ni mtaji, na kila mtaji una hatari yake. Anayesimamia lazima aulize kabla ya kuanza: je, twaweza kumfikia kila mmoja? Je, twaweza kuua haraka kuliko wanavyozaana? Je, twaweza kuwazuia wasirudi? Likikosekana jibu moja katika hayo matatu, heri pesa ikatumiwe pengine.

Nani apate hasara, nani alipe

Kurabu hamtii kila mtu hasara sawa. Mama anayefuga kuku uani huona vifaranga wakichukuliwa mmoja mmoja, na kwake hao ni ada ya shule. Muuza samaki hulipa mtoto wa kufukuza. Mwenye muembe hupata maembe yaliyodonolewa. Hoteli nyingine za ufuoni zimeajiri vijana wa manati ili mgeni asinyang'anywe mkate mezani. Ndege wadogo kama mnana hupoteza mayai na makinda, na hao hawana wa kuwaandikia malalamiko.

Ukijumlisha gharama hizi ndogo ndogo utaona kwamba tayari twalipa. Lakini twalipa kila mtu peke yake, na malipo yetu hayamalizi kitu. Hoteli moja ikisafisha eneo lake, kesho ndege wa jirani wanahamia. Faida ya kuwaondoa ni ya wote, gharama ni ya aliyeanza, na kwa sababu hiyo kila mmoja humngoja mwenzake. Ndiyo maana kazi kama hii haifai kuachiwa mtu mmoja mmoja.

Shelisheli walipata njia. Katika visiwa vya binafsi kama Frégate, Denis na North, wenye hoteli walishiriki kugharamia kuangamiza panya, kwa sababu ndege adimu waliorudishwa baadaye ndio mgeni anaowalipia kuja kuwatazama. Kule Praslin, tiketi za kuingilia msitu wa Vallée de Mai husaidia kugharamia uhifadhi wa kisiwa cha mbali cha Aldabra. Anayefaidika na kisiwa kizima ndiye anayekichangia.

Hapa kwetu hoteli hutozwa asilimia mbili kwa ajili ya Hazina ya Utalii. Maoni yangu ni kwamba sehemu ndogo ya pesa hizo, pamoja na fungu la kaunti za pwani, ingewekwa mahali pamoja kwa miaka kumi, isikatwe wala isihamishwe, kwa ajili ya kurabu na panya.

Tuanzie wapi

Tukubali ukweli kwanza. Mombasa ni kisiwa kwa jina, lakini kurabu hahitaji hata daraja la Nyali kuvuka. Kuwamaliza Mombasa peke yake haiwezekani, kwa sababu swali la tatu, la kuwazuia wasirudi, halina jibu. Kwa mji kama wetu lengo liwe kuwapunguza na kuwaweka chini daima, na kwa hilo jambo la kwanza ni jaa.

Kurabu ni mtoto wa taka zetu. Idadi yake hufuata chakula. Mabaki ya Kongowea na Marikiti, matumbo ya samaki yanayotupwa ufuoni, jaa la Mwakirunge lililo wazi, hayo ndiyo mshahara wake. Na ukimwua yeye ukaziacha taka, kumbuka Macquarie: atakayerithi ni panya. Pesa ya kuzoa na kufunika taka haionekani kuwa ni ya kupambana na ndege, lakini ndiyo inayopunguza bei ya kazi nyengine zote.

La pili ni sumu. Ile inayotumiwa kwa kurabu, Starlicide, hufanya kazi baada ya saa nyingi, na sehemu kubwa ya sumu huvunjika mwilini mwa ndege, ndiyo ikawa na hatari ndogo kwa anayekula mzoga. Hata hivyo ni lazima itegwe na waliofunzwa na wenye kibali, baada ya siku kadhaa za kuwazoesha kurabu nyama isiyo na kitu na kuhakikisha hakuna ndege mwengine anayekuja pale. Mtu asichukue dawa ya shamba akapaka nyama. Hiyo huua paka, mbwa, tai, na yaweza kuua mtoto. Dini yetu imemtaja kunguru na panya miongoni mwa wanaoruhusiwa kuuliwa kwa madhara yao, lakini ruhusa hiyo haikuja na ruhusa ya kutesa wala ya kudhuru wasiohusika.

La tatu, na kwangu ndilo lenye faida kubwa kwa kila shilingi, ni kulinda pale ambapo hapajaharibika. Visiwa vidogo vya Kiunga na Kisite, ambako ndege wa bahari hutaga, havihitaji mamilioni. Vyahitaji mtu wa kwenda na chombo mara kwa mara kutazama alama za panya, na mabaharia wasiotupa vyakula wala kulaza mizigo huko. Bandari mpya ya Lamu pale Magogoni, iliyopokea meli yake ya kwanza mwaka 2021, yahitaji ngao za panya kwenye kamba za meli na ukaguzi wa shehena kutoka siku hizi za mwanzo, kabla ya msongamano. Miji ya barabarani ambako kurabu ndio kwanza wanafika yahitaji mtu wa kubomoa viota vya kwanza kumi. Sokotra walifanya kazi hiyo hiyo kwa mikono ya watoto na subira ya wazee.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioleta kurabu Unguja waliokoa mishahara ya wafagizi wachache, na sisi tumekuwa tukiulipia ukuta huo kwa zaidi ya miaka 130. Kwa hivyo kaunti ikitangaza tena kampeni ya kuua kurabu, ombi langu kwa mwakilishi wako wa wadi, na nakuomba umfikishie, liwe hili: atuonyeshe bajeti ya mwaka wa tatu kabla hatujashangilia ya mwaka wa kwanza.